Dakika Tatu

Wamenipa dakika tatu,
baada ya Spika mstaafu na kabla ya kwaya.
Padri amenionyesha vidole vitatu
kana kwamba uzee ni uziwi.

Basi nianze na kiatu.
Aloysius Geraghty alipofika genge la maili ya sabini na mbili
soli ya kushoto ameifunga kwa waya wa simu.
Miaka kumi na saba, mbavu za kuhesabika.
Magharibi ya Queensland jua halichomozi, linavamia;
adhuhuri reli haishikiki,
na maji ya kunywa yaliletwa na garimoshi la Alhamisi
kwenye tangi lililowahi kubeba mafuta ya taa.
Tulikunywa. Tulicheua taa.

Loy ndiye aliyeuliza kwa nini.
Hakuuliza kwa ngumi, aliuliza kwa daftari:
tarehe, rangi ya maji, nani katapika.
Miaka sita baadaye daftari likazaa mgomo,
mgomo ukala siku arobaini na tisa,
na mimi, Dulcie Pascoe, mke wa Vern,
nikapika supu ya mifupa ya kondoo kwenye pipa la kufulia.
Siku ya thelathini ilikuwa maji na chumvi.
Siku ya arobaini, maji.
Katibu wetu alikula wa mwisho; hilo mmeshalisikia leo, mara mbili.
Hamkusikia kwamba alilia nyuma ya banda langu la kuku
jioni tuliyomzika mtoto wa akina Bertoldi,
akisema, Dulcie, niwaambie warudi kazini?
Nikamjibu: nyamaza, unawatisha kuku.

Tangi jipya likaja, la kijani.

Tukamchangia suti, mikono ikawa mifupi,
tukampigia kura, tukampandisha behewa la daraja la pili.
Kutoka bungeni aliniandikia:
*Huku kengele ikilia, watu wazima hukimbia kama watoto wa shule
wakakae upande walioamriwa.
Viti ni laini, unasahau kama una mgongo.*
Barua ya pili ilipigwa taipu.
Ya tatu ilitiwa sahihi na mtu mwingine.

Kisha uwaziri. Uchukuzi, miaka kumi na mmoja.
Yapo madaraja, nendeni mkayaone.
Ipo sheria ya kivuli na maji kwa kila genge la jimbo hili,
na kila ibara yake naijua ilikotapikwa.
Lakini mwaka wa tatu alifunga njia tatu za reli zisizolipa,
na ya pili ilikuwa yetu.

Hakutuma barua. Alikuja.
Ukumbini Vern alisema *kikulacho*, akaishia hapo;
hakuna aliyeuliza ki wapi.
Loy akasimama, akataja majina thelathini na moja
bila kutazama karatasi:
nani anahamia stesheni gani, ana watoto wangapi,
shule ipo umbali gani, nani mapafu yake hayawezi pwani.
Pascoe, V., Townsville, karakana, nyumba ya vyumba viwili.
Hesabu ilikuwa sahihi. Ndiyo iliyonichoma.
Nilikuwa jikoni kama kawaida yangu, na upawa mkononi.
Nikaurusha.

Uchaguzi uliofuata alipita kwa kura mia mbili na kumi na mbili.
Yangu ilikuwemo. Vern hakuniuliza,
na alikufa Townsville bila kulitaja jina hilo tena.
Siku ya mazishi niliona gari jeusi ng'ambo ya barabara,
injini imezimwa, kioo kimefungwa.

Sasa tazameni picha hii rasmi juu ya jeneza.
Lile kovu, juu ya jicho la kulia.
Wasifu mlioshika unasema ni la ajali kazini.
Liacheni hivyo.
Alikuwa kazini.

Padri amesimama.
Na bado sijafika kiatu cha kulia.